Baiskeli Isiyo ya Kukulia

"Finya," Sharifah alimwambia mtoto. "Finya kidole yangu kama unakamua chungwa."

Mtoto, mvulana kutoka Manibe aliyeletwa na mama yake, akafinya mpaka mashavu yakamvimba. Sharifah aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye betri chovu. Kisha akatoa hukumu.

"Hii mukono inasimamisha kuku. Baiskeli haisimamishi."

Watu waliokaa barazani wakacheka, mtoto naye akacheka. Sharifah akachukua uzi mweusi, akapima kutoka shina la kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada, akaukata kwa meno na kuufunga kwenye msumari ukutani pamoja na nyuzi nyingine. Kila uzi pale ulikuwa mkono wa mtoto fulani. Breki ya yule mvulana ingekaa karibu na mshikio kwa urefu wa uzi wake, wala isingezidi.

Nilikuwa nimefika pale Oli, mtaa wa mjini Arua, upande wa mtoni, kwa ajili ya tairi lililopasuka. Nikasahau tairi. Mimi nilisomea mitambo chuoni, na nilidhani breki ni waya, chuma na mpira. Sikuwahi kujiuliza inaanzia wapi. Inaanzia kwenye mkono wa mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na miaka saba. Nilirudi siku iliyofuata bila kisingizio chochote, na siku nyingine tena, mpaka watu wa baraza wakazoea kunisogezea nafasi.

Sharifah Yakani hana haya na wala hanyamazi. Ana sauti ya kambini kwa sababu alizaliwa kambini, binti wa sajini mmoja wa Koboko. Serikali ya siku hizo ilipoanguka, familia ilivuka mpaka kuingia Kongo, naye akakulia huko, kati ya soko na shamba la watu. Kiswahili chake kina jeshi ndani, kina biashara, kina Kongo. Nikikinyoosha hapa atakuwa mtu mwingine, kwa hiyo naandika alivyosema.

Huko Kongo ndiko alikojifunza baiskeli, na alijifunza kama sote tulivyojifunza: baiskeli nyeusi ya baba, ndefu kuliko mtoto, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu, kiwiliwili kimening'inia upande mmoja kama shati lililoanikwa vibaya. Pita leo barabara ya Arua kwenda Koboko, utawaona bado. Watu wazima husimama wakasifu: tazama, mtoto mdogo vile, na anaweza! Mimi nimechoka na sifa hizo. Mtoto anapinda uti wa mgongo ili aafikiane na chuma, na hakuna anayeuliza kwa nini chuma kisimwafiki mtoto. Wanaosema "atakua tu" husahau kwamba mtoto ana mwili leo. Leo ana goti, ana kiganja, ana kitako, na leo anaenda shule.

Lakini ukimsikiliza Sharifah utajua kwamba hata yeye alianza kwa kukosea, na kosa lake lilikuwa kosa letu sote.

Aliporudi Arua, kwa miaka mingi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na kila mzazi aliyekuja alisema maneno yale yale: shona ya kukulia. Kwetu nguo ya mtoto haikatwi kwa mwili alio nao. Hukatwa kwa mwili anaotarajiwa kuwa nao. Pindo linakunjwa mara mbili, mikono inakunjwa, na mtoto anaingia darasani kama aliyefungwa ndani ya hema. Kila mwaka mama anafungua pindo kidogo. Ni akili, na ni mapenzi pia.

Karibu na baraza lake palikuwa na fundi baiskeli. Boda zilipojaa mjini, huyo fundi aliziacha baiskeli akahamia kwenye pikipiki, na Sharifah akachukua vyuma vyake na mashine yake ya kuchomelea. Alikuwa amechoka kushona, anasema, na alipenda cheche. Akaanza kukata baiskeli kuukuu za watu wazima na kuziunga upya kwa ajili ya watoto. Na kwa sababu mkono wake ulikuwa mkono wa fundi cherehani, alizitengeneza zote za kukulia.

"Wazazi walifurahi sana," aliniambia. "Walinibariki. Watoto walikuwa nalia."

"Kwa nini walie?"

"Kwa sababu mguu haifiki chini! Mtoto anaanza vizuri, anaenda, anaenda, kusimama anashindwa. Moja aliingia mihogo ya jirani. Moja aliingia watu ya mazishi, Injinia, mazishi! Gauni ikiwa kubwa, unakunja. Sasa wewe umesoma, niambie: baiskeli unakunja wapi?"

Alizikusanya zile baiskeli moja moja, akazikata tena mbele ya wenyewe huku wakigombana naye. Tangu hapo hamtengenezei mtoto ambaye hajamwona. Ukimwambia umri, anakuuliza kama umri unapanda baiskeli. Mtoto lazima aje akae juu ya debe, asimame ukutani, ashuke, apande, afinye kidole.

Mwezi Januari, shule zikiwa bado zimefungwa, alikuja mwanamke kutoka Ludara, upande wa Koboko, akiongozana na binti wa miaka kumi hivi. Mwanamke aliitwa Hawah. Binti yake, Aminah. Mtoto alitembea kwa kuurusha mguu wa kushoto pembeni, kama anayefungua mlango kwa goti. Hawah hakutaka hata maji ya kunywa kabla hajasema lililomleta.

Goti la Aminah lilivunjika alipoanguka kutoka kwenye boda. Lilifungwa kwa vijiti nyumbani, likakaa limefungwa muda mrefu mno, na lilipofunguliwa likawa halikunjiki sawasawa. Shule ya karibu na kwao iliishia darasa la nne, naye amelimaliza. Shule ya darasa la tano iko ng'ambo ya kijito, mbali, na njia ina mlima. Kwa miguu hawezi. Hawah anauza mboga sokoni Koboko, hawezi kumbeba kila siku. Babu yake, Mzee Duku, mwenye nyumba, alikuwa ameamua: siku ya kufungua shule, Aminah ajipeleke mwenyewe. Akishindwa, ataletwa Arua kwa Shamim, shangazi yake Hawah, dada mdogo wa mzee, akae naye na kulea watoto wake.

"Kulea watoto," nilisema. "Na shule je?"

"Shangazi anasema shule itaonekana," Hawah alijibu.

Sote tulijua maana ya kuonekana huko. Nilianza kusema mambo ya haki za mtoto na sheria za nchi, nikasema mengi, nikakwama. Sharifah aliningoja nimalize.

"Umekwisha? Vizuri. Shika mtoto, nipime."

Akamwambia Hawah amwache Aminah pale kwake mpaka shule zifunguliwe. Hawah akarudi Koboko jioni ile. Aminah alikaa kwenye debe akimtazama fundi kwa shaka, kama mtu anayetazamwa na mganga.

"Wewe unanipima mimi ama unapima baiskeli?" aliuliza.

"Napima nyinyi mbili. Mwenye kelele anapimwa kwanza."

Baiskeli ya kwanza Sharifah aliijenga haraka, na kwa majivuno. Hoja yake ilikuwa rahisi: goti halipendi kukunjwa, basi kiti kiwe juu, mguu ubaki umenyooka. Nami nilikubali, kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa. Asubuhi moja tuliisukuma mpaka kwenye njia ya kuteremka mtoni, pasipo na pikipiki nyingi, na Aminah akapanda huku nimemshikia kiti.

Goti halikulalamika. Pedali zilizunguka. Sharifah akapiga kelele za furaha, wanawake waliokuwa wakifua wakainua vichwa. Kisha nikaachia. Aminah akaenda mwenyewe vizuri, na alipotaka kusimama, akashusha mguu kutafuta ardhi. Ardhi ilikuwa mbali. Mguu ulio mzima ulielea, ule mgumu nao ulielea, na mtoto akaanguka kwa upande ule ule mbovu.

Hakulia. Alikaa chini akalishika goti kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sipandi tena. Nipelekeni kwa shangazi tu."

Tulirudi tukiisukuma baiskeli. Barazani palepale mimi na Sharifah tukagombana.

"Ni yale yale ya mwanzo," nilimwambia. "Umemtengenezea ndefu."

"Nani alisema 'sawa, kwenye karatasi iko sawa'? Nani?"

"Mimi nilisema juu ya goti. Sikusema juu ya ardhi."

"Ardhi haiko kwenye karatasi yako? Injinia wa hewa!"

Lakini alikuwa ameumia, niliona. Alivua glavu akazitupa. Kiti kikipanda, goti linapona na mguu haufiki chini. Kiti kikishuka, mguu unafika chini na goti linalia. Tuliuzungukia ukweli huo siku nzima kama watu wanaotafuta mlango kwenye nyumba ya duara. Niliomba boksi la sabuni, nikalikata, nikamlaza Aminah kwenye mkeka, nikachora kwa kalamu jinsi mguu wake ulivyokunjika mpaka pale aliposema "basi." Sharifah akacheka kwamba sasa mimi ndiye fundi cherehani. Lakini lile boksi hakulitupa. Alilisimamisha ukutani chini ya nyuzi zake, akawa analitazama.

Nilitaka sana kujua goti lile linakataa nini hasa. Ukilisukuma kwa mkono linakataa. Likipanda ngazi linakataa. Aminah akikaa kula, mguu unatoka nje ya mkeka mpaka watu wanaukwaa. Nilianza kuamini kwamba limekataa kila kitu.

Siku ya pili yake niliingia nikakuta mlio nisioutegemea. Sharifah bado ana cherehani yake ya miguu, iko ndani, hutumika kwa viraka tu. Aminah, kwa kuchoka kukaa, alikuwa ameketi kwenye stuli akiikanyaga bila uzi wala kitambaa, gurudumu likizunguka upesi, naye akiimba nyimbo zao za shule. Sharifah alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi, ametulia kabisa. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha chini.

Miguu yote miwili ilikuwa juu ya kanyagio, na wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi sawa na wa kulia. Nyayo zilipanda, zikashuka, kidogo tu.

"Aminah," Sharifah aliuliza polepole, "goti inauma?"

Mtoto akaangalia chini kama aliyefumaniwa. "Hapana."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Niache?"

"Uache nini! Kanyaga! Kanyaga tu!"

Tukapiga magoti sote wawili, watu wazima, na kulitazama goti la mtoto kama linaloonyesha sinema. Lilikuwa likijikunja na kujikunjua bila wasiwasi, ila safari yake ilikuwa fupi. Nikaleta boksi, nikaliweka kando ya mguu. Goti halikukaribia hata mara moja ule mstari wa "basi." Hapo nikaelewa, na nadhani Sharifah alielewa kabla yangu, maana alikuwa ameshainuka kuitafuta ile baiskeli: goti lile halikukataa kuendesha. Lilikataa duara kubwa. Na ukubwa wa duara la pedali hauamuliwi na kiti. Unaamuliwa na urefu wa ule mkono wa chuma unaoibeba pedali. Mkono mfupi, duara dogo. Mikono ya baiskeli zetu zote imekatwa kwa paja la mwanaume mrefu, nasi tulikuwa tumeiacha vile vile, tunahangaika na kiti.

Sharifah akaufungua mkono wa kushoto, akakata kipande cha katikati, akaunganisha ncha mbili zilizobaki, akausugua mpaka ukang'aa. Nilishikilia kwamba na mwingine ukatwe sawa na huo; kitu kikiwa na pande mbili, mimi napenda zilingane.

"Mlima ya Ludara inataka mguu ya nguvu," alisema Sharifah. "Ukikata hii pia, atasukuma na nini?"

"Atayumba. Upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi, itamtupa."

"Wewe unajua?"

"Na wewe unajua?"

Hakuna aliyejua. Tukamwita Aminah, ambaye hakuwa ameulizwa anataka nini juu ya mwili wake tangu afungwe vile vijiti. Alijaribu kwanza moja mfupi, moja mrefu, kiti kikiwa chini sasa, nyayo zote zikigusa udongo. Aliyumba kweli. Akasimama, akacheka kwa kuwa amesimama, akaondoka tena. Alipofika kwenye mwinuko karibu na kibanda cha muuza chapati alisukuma kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukafuata kama mgeni anayesindikizwa.

"Vipi?" nilimwuliza. "Tuukate na mwingine?"

Alifikiri. "Huu wa kulia una hasira," alisema. "Mwache afanye kazi. Huu mwingine anakuja tu na yeye."

Basi ikabaki hivyo, yenye mikono miwili isiyolingana. Sharifah akampimia uzi wa kiganja, akasogeza breki, akabana usukani uwe mwembamba kama mabega yake. Nyuma akaweka karia ndogo inayotosha mfuko wa vitabu. Kwa siku zilizobaki Aminah aliendesha Oli yote akawa anajulikana.

Jumapili, siku moja kabla ya kufungua shule, tuliipakia baiskeli kwenye lori lililokuwa likipeleka saruji Koboko, nasi tukapanda juu ya mifuko. Hawah alitupokea, na kutoka hapo Aminah aliendesha mpaka nyumbani Ludara, sisi tukitembea nyuma yake kati ya mashamba ya mihogo.

Mzee Duku alikuwa askari zamani, aliwahi kumjua baba yake Sharifah. Ni mrefu, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi ya makaa mpaka ina makali. Alimsalimu Sharifah kwa heshima, akaizunguka baiskeli mara moja, kisha akaizunguka tena.

"Binti ya sajini," alisema. "Hii iko baiskeli ama iko kinyonga? Mukono moja refu, mukono moja fupi! Ulikuwa nalala ukichomelea?"

"Nilikuwa macho, Mzee. Mukono fupi iko ya goti."

"Na hii karia, jerikeni inakaa wapi?"

"Jerikeni haisomi darasa la tano, Mzee."

Vijana waliokuwa uani wakaguna kwa kicheko. Mzee akawatazama wakanyamaza. "Sawa. Na mwaka kesho mtoto akikua? Hii si kitu ya kukulia. Mutu mwenye akili hanunui kitu ya mwaka moja."

"Mwaka kesho analeta mwili yake, mimi naongeza chuma. Chuma iko mingi."

"Wapi! Hii ni mchezo. Mnaniletea mchezo, mnasema ni shule." Akaketi. "Kesho asubuhi tutaona. Akirudi amelia njiani, Jumanne anaenda kwa Shamim. Nimekwisha sema."

Mimi nilifungua mdomo. Niliyokuwa nayo yalikuwa mengi na ya moto, lakini Hawah alinitangulia, na alisema kwa sauti ndogo huku akipepeta mchele, bila kuinua macho.

"Baba, ile baiskeli uliyoninunulia mimi, unaikumbuka?"

"Kwa nini nisikumbuke? Ilikuwa mupya. Nyeusi. Mutu yeyote hapa Ludara hakuwa na mfano wake."

"Ilikuwa ya kukulia."

"Ndiyo. Ilikuwa nzuri."

"Aliipanda nani, Baba?"

Mzee akainyoosha kanzu magotini.

"Mguu wangu haukufika. Ukasema, wacha kaka zako waipande kwanza, Hawah akue. Wakaipanda. Nilipokua, ilikuwa imekwisha, na shule nayo ilikuwa imekwisha." Akapuliza makapi. "Mimi sikulaumu, Baba. Nasema tu kitu ya kukulia huwa ya yule ambaye ameshakua."

Nilikuwa nimezunguka na neno lile la kukulia kwa wiki nzima, nikilicheka, nikidhani ni suala la vipimo.

Mara kelele zikasikika kutoka njiani. Yasiri, mdogo wake Hawah, kijana mwenye miguu mirefu kama korongo, alikuwa ameichukua ile baiskeli wakati sisi tunazungumza, akaondoka nayo kwenda kituo cha biashara kununua sigara. Hakuomba, kwenye ua ule hakuna anayeomba baiskeli. Sasa alikuwa akirudi anaisukuma kwa mkono, suruali imejaa vumbi upande mmoja, na watoto wa jirani wanamfuata wakiiga anavyoendesha: goti likipiga kidevu, mguu mwingine ukitafuta pedali pasipo na pedali.

"Hii kitu ina shetani!" Yasiri alisema. "Inakubali mguu moja, inakataa mwingine! Imenitupa mbele ya wale wanawake wa samaki, wote, wote wanaona!"

"Walisema nini?" Sharifah aliuliza kwa huruma kubwa.

"Walisema nirudishe baiskeli ya mtoto!"

Mzee Duku alikuwa na uso wa kijeshi, lakini ndevu zake zilianza kutikisika. Akainama, akashika goti, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaitazama ile baiskeli kwa namna nyingine, kama mtu anayehesabu upya jambo alilodhani amelimaliza.

"Yasiri, panda tena," aliamuru.

"Baba, sipandi."

"Hakuna kijana hapa anaweza kupanda hii?"

Hakuna aliyejitokeza. Mzee akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, akaingia ndani.

Asubuhi Aminah alivaa sare, Hawah akamfungia mfuko kwenye karia. Mzee Duku alitoka na baiskeli yake mwenyewe, ile ndefu nyeusi, akasema atafuata nyuma aone kwa macho yake. Hakutaka sisi twende. Wakaondoka, mdogo mbele, mkubwa nyuma, wakapotea kwenye kona ya mihogo.

Tulingoja. Sharifah, mwenye kelele zote zile, aliosha vyombo vya watu ambavyo havikuhitaji kuoshwa. Mimi niliutafuta mlima kwa macho, lakini kutoka pale hauonekani. Nilikuwa najiuliza mambo ambayo boksi langu halikuweza kunijibu: goti litasemaje kwenye ubaridi wa asubuhi? Kijito kina mawe au kina tope? Hawah hakwenda sokoni. Alikaa kwenye kizingiti akitazama njia.

Mzee alirudi jua likiwa limepanda, peke yake. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akavua kofia, akaomba chai. Hawah alimpa. Mzee akanywa kikombe kizima kwa utaratibu wa jeshi.

"Kijito alishuka, akasukuma," alisema mwishoni. "Hiyo sawa, hata mimi nilishuka. Mlima alianza kupanda. Katikati baiskeli ikawa pole pole sana, nikaona sasa anaanguka. Nikaenda pembeni yake, nikasema, mwanangu, leta nikushike kiti."

"Akasema nini, Baba?"

Mzee akatazama ndani ya kikombe kitupu.

"Akasema, Babu, unanizibia njia."

Sharifah akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, akajizuia. Hawah alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, sikujua kwa kicheko au kwa kilio.

"Mpaka shule?" niliuliza.

"Mpaka kwa mlango ya darasa. Mwalimu akauliza, huyu nani amemleta? Mimi nikasema, mimi sijui, mimi napita tu." Akanyoosha mkono. "Hawah, nipe simu."

Alimpigia dada yake Arua. Tulisikia sauti ya Shamim ikiuliza mtoto anafika lini, amewekewa mkeka tayari.

"Haji," mzee alisema. "Iko shuleni." Akasikiliza. "Ndiyo, nilisema. Sasa nasema haji. Tafuta mtoto mwingine."

"Hapana, Baba," Hawah alisema, na safari hii hakuwa na sauti ndogo. Alikuwa amesimama. "Mwambie asitafute mtoto. Atafute mtu mzima."

Mzee akamtazama binti yake, simu ikiwa sikioni, Shamim akiita halo, halo. Kisha akageuka upande wa ukuta, kama mtu anayeona aibu kidogo, akarudia maneno hayo vile vile.